Nani wa Kunichapa

Siku niliyotoka makao ya watoto nilimpiga mtu ngumi kabla ya chai. Alikuwa msichana wa bweni letu, mdogo kwangu kwa miaka miwili, na kosa lake lilikuwa kuuliza swali. Nilikuwa nafunga godoro langu kwa kamba ya katani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kitanda ambacho jioni hiyo kingekuwa chake, akaniuliza, "Sasa huko nje ukiumwa, nani atajua?" Nikamtandika mdomoni. Mpaka leo naamini aliuliza kwa huruma. Lakini huruma ilikuwa inaniwasha kuliko upupu, na mkono wangu siku zote ulifika kabla ya akili.

Matroni akaja na kipande chake cha mpira wa maji. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na minane, kwa tarehe ambayo daktari aliikadiria kwa kutazama meno yangu baada ya kuokotwa stendi, na nilidhani siku ya kuagwa mtu hachapwi. Kumbe anachapwa. Nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya bweni, mikono mbele, kama tulivyozoea, akanipa za kutosha. "Ukiwa ndani ya geti hili wewe ni wangu," alisema huku anahema. "Hata kama gari linakusubiri nje." Baada ya hapo tukaenda ukumbini, tukaimba, tukakata keki, nikakabidhiwa ndoo, blanketi, sufuria mbili na cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha ya kaki. Mgeni rasmi akaniambia nikawe balozi mwema. Nilikuwa nimekalia upande mmoja wa makalio, nikamwitikia amina.

Watu wakisikia hivi wanadhani nalalamika. Silalamiki, naeleza hesabu zetu zilivyokuwa. Pale makao walikuja wageni wengi wenye pipi na kamera, wakatubeba, wakatubusu, wakaondoka baada ya wiki mbili. Hao hawakupiga mtu. Matroni alipiga, na Matroni alibaki. Alinipiga nilipoiba sukari na akakesha na mimi nilipougua surua. Kwa akili ya mtoto, nikaunganisha mambo mawili ambayo hayakupaswa kuunganishwa: anayekuchapa ndiye mwenyewe. Sisi kwa sisi pia tulichapana. Nina kovu kwenye paji la uso la chuma cha kitanda, na aliyenipiga nacho ndiye niliyelala naye kitanda kimoja mwaka mzima kabla na baada ya tukio hilo.

Kuna jambo jingine la makao ambalo lazima niliseme mapema, maana ndilo lililonitia matatani. Kwetu nguo hazikuwa na mwenyewe. Ziliingia kwa marobota kutoka kwa wafadhili, zikafuliwa, zikaanikwa kwenye kamba ndefu nyuma ya jiko. Asubuhi ulikwenda kambani ukachukua inayokutosha. Ukiivua unaifua na kuirudisha. Chupi tu ndizo zilishonewa alama, kila mtu na uzi wake. Ukimkuta mwenzako amevaa gauni ulilolivaa jana, hukuwa na la kusema, na mtu aliyejaribu kuficha nguo chini ya godoro ndiye aliyeitwa mwizi. Niliishi hivyo miaka kumi na mitano. Hakuna aliyenikalisha chini siku ya kuagwa akaniambia kwamba kamba za nje ni tofauti. Walinifundisha kuandika barua ya maombi ya kazi, walinifundisha kuhusu ukimwi, lakini kamba walisahau, kwa sababu wao nguo zao zilikuwa kwao makabatini.

Nikapata kibarua Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu. Ulikuwa mwezi wa nane, msimu wa kuvuna. Kazi yenyewe si ngumu kwa mtu aliyezoea kutumwa: unapita chini ya mizabibu na mkasi, unakata kishada, unakiweka kwenye kreti taratibu kisichubuke. Kinachoua ni asubuhi. Upepo wa huko katika miezi hiyo unapita kwenye nyanda bila kuzuiwa na kitu, na saa kumi na mbili unaingia mpaka kwenye fizi. Wenzangu walikuja na makoti na mitandio miwili miwili. Mimi nilikuja na fulana yenye picha ya mgeni rasmi.

Nilipanga chumba kwenye nyumba ya uani, vyumba sita, choo kimoja, kamba moja ya nguo iliyokatiza toka ukuta hadi ukuta. Jirani yangu wa mlango kwa mlango alikuwa mama wa Kirangi, mjane, mtu wa Busi kule Kondoa, aliyeuza mafuta ya alizeti kwenye chupa za maji. Tulimwita Mama Mafuta. Alikuwa mkavu. Nilimpa shikamoo kila asubuhi, akanijibu marahaba bila kuinua uso kwenye mswaki wake, na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote kwa wiki tatu. Usiku nilisikia akisali upande wa pili wa ukuta, nami nililala nikisikiliza, maana sikuwa nimezoea chumba chenye pumzi moja.

Sasa siku hiyo niliamka nikatoka uani, nikakuta koti la sufu kambani. La bluu, zito, la kiume, lina vifungo vya mbao. Nililijaribu, likanikaa. Naapa kwamba sikutazama nyuma wala sikunyata. Nilisimama katikati ya ua nikafunga vifungo vyote, nikabeba mkasi wangu, nikaenda kazini. Nilikuwa nimepanga hata sabuni ya kulifulia jioni.

Lilikuwa koti la marehemu mume wa Mama Mafuta. Alikuwa halivai. Mara moja moja alilitoa sandukuni kulianika ili wadudu wasilitoboe.

Nilirudi saa nane mchana. Maji ya zabibu yalikuwa yamelowesha kifua chote, na mkono mmoja wa koti ulikuwa umechanika kwenye waya wa shambani. Nilipoingia uani Mama Mafuta alikuwa amesimama mlangoni kwangu na wapangaji wengine watatu. Nikawaamkia. Hakuitikia. Alinijia, akanishika kola kwa mikono miwili, akaanza kulivua koti mwilini mwangu kwa nguvu.

Kwetu makao mtu akikuvua nguo ulizovaa, ametangaza vita. Sikuuliza kuna nini. Nilimuuma mkono. Nilimuuma hapa, chini kidogo ya kiwiko, nikakaza taya mpaka nikahisi nyama imekubali, na aliponipiga kichwani kwa mkono wa pili nikazidi kukaza. Mpangaji mmoja, dada wa chumba cha mwisho, akakimbilia barabarani akapiga ukunga. Neno alilopiga lilikuwa mwizi.

Mwenye kulijua neno hilo hahitaji kuelezwa. Waliingia madereva wa bodaboda, wakaingia mafundi waliokuwa wanajenga ng'ambo, wakaingia watu ambao sijui hata walikuwa wanapita wakienda wapi. Niliburutwa nje kwa miguu, mgongo unakwaruza kizingiti. Teke la kwanza lilinipata ubavuni, la pili sikulijua. Mtu alinipiga na mchi. Kidole hiki cha shahada hakikunyooka tena. Nilipata jicho la mtu nikalichimba, nikapata sikio nikalivuta, na nasema kweli, katika dakika zile sikuogopa. Hasira yangu ilikuwa imekaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu nitoke getini. Woga ulikuja niliposikia mwanamume mmoja akimwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida tu kama anayeagiza chai, "Kachukue mafuta kwenye pikipiki."

Aliyewazuia alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mzee mwembamba wa Kigogo mwenye filimbi shingoni. Aliipuliza mpaka ikakwaruza. "Nani ndugu yake?" akauliza. "Nauliza, kati yenu mnaompiga, nani ndugu yake?" Wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja.

Nilikuja kuelewa baadaye. Miaka michache kabla yangu, mtaa huo ulimchoma moto kijana kwa tuhuma za mbuzi, na jioni mbuzi akarudi zizini mwenyewe. Mwenyekiti alikuwepo na hakusema kitu. Tangu hapo akawakusanya wakapitisha sheria yao, haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua: mtu huchapwa na mtu wa kwao, mbele ya aliyekosewa, kisha yanaisha. Asiye na mtu apelekwe kituoni. Na atakayempiga asiye wa kwao, amemchukua. Chakula chake, makosa yake na maradhi yake vinakuwa juu ya aliyempiga. Ilikuwa sheria ya kuwatia watu uvivu wa kupiga, na siku hiyo ilinibakishia roho.

Akaniweka kibarazani kwake, akanipa maji ya kusukutua. Nikatema jino. "Haya, binti. Kwenu wapi?"

"Sina kwetu."

"Kila mtu ana kwao. Nani tumwite?"

Namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ya Matroni, nikaitaja. Nilijua pia mambo yatakavyokwenda nisipopata mtu. Dada yetu mmoja wa makao alipelekwa kituoni kwa kosa la simu, akakosa wa kumdhamini, akakaa mahabusu mpaka akatoka si yule tena, anaongea na kuta. Lakini si hilo tu lililonikaba. Nilitaka watu wale walioniburuta wamwone mtu akishuka kwenye gari kwa ajili yangu. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kidole changu.

Matroni alikuja. Nampa haki yake, alikuja kabla ya alasiri kwisha, amevaa sare yake ya kazi, na mkoba mkononi. Nilipomwona nilianza kulia kwa sauti, mimi niliyepigwa na mchi bila kutoa chozi. Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku akitazama uharibifu, akasema, "Umeanza."

Watu walikuwa wamejaa. Mama Mafuta alikaa kwenye kigoda, mkono umefungwa kitambaa cha khanga kilicholoa damu, koti limekunjwa mapajani. Matroni alisalimia wakubwa kwa wadogo, akaeleza habari ya kamba yetu, marobota, zamu za kufua, chupi zenye nyuzi. Aliieleza vizuri. Niliona nyuso zikilegea. Dereva mmoja aliyekuwa na damu yangu kwenye suruali akaanza kutazama viatu vyake. Dada wa chumba cha mwisho, aliyepiga ukunga, hakutaka kushindwa. Akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Matroni akahamishia mkoba mkono wa pili.

"Basi wizi tumeuelewa," mwenyekiti akasema. "Umebaki mkono wa huyu mama. Hapa kwetu, mama, mzazi anamrudi mwanawe mbele ya aliyeumizwa, tunapeana mikono, yanaisha." Akamwekea fimbo mbele. Ilikuwa ya mkole, imemenywa.

Niliona ni jambo jepesi kabisa. Sikungoja. Nilishuka kibarazani nikalala kifudifudi kwenye vumbi, mikono mbele, ubavu unanichoma kila nikivuta pumzi. Nikafumba macho nikasubiri. Nilisubiri sana.

"Mwenyekiti," Matroni alisema juu yangu, "mimi siwezi kumpiga huyu."

"Kwa nini? Anasema wewe ndiye uliyemlea."

"Nilikuwa kazini. Ameshatoka, faili lake limefungwa. Nikimgusa leo nimempiga mtu mzima wa watu."

"Watu gani?" mwenyekiti akauliza. Hakumuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua ili awaite.

Nikainua kichwa nikaona viatu vyake vyeusi vimerudi nyuma hatua moja. Nikamwambia, "Nipige." Akasema niamke, naaibisha. Nikapaza sauti, "Mama, nipige, ulikuwa unanipiga kila wiki, leo umechoka nini?" Nilipiga ngumi ardhini kwa mkono wenye kidole kilichovunjika. Nilimtukana. Nilitukana matusi ambayo getini yangenipa adhabu ya siku tatu, nikimchokoza, nikimtafutia ile hasira yake niliyoijua, na hasira haikuja. Uso wake ulikuwa umetulia, wenye adabu, uso aliokuwa anawapa wageni wa pipi.

"Mimi si mama yako, mwanangu," alisema. "Ningefanya nini? Mko wengi." Akamgeukia mwenyekiti akaomba radhi kwa usumbufu, akafungua mkoba akatafuta kitu, akaufunga bila kukitoa. Alisimama pembeni kama mtu anayengoja usafiri, na kweli alikuwa anangoja usafiri.

Nimewaza sana kuhusu hatua ile moja aliyorudi nyuma. Nikiwa na hasira nasema alinitupa. Siku ambazo nimelala vizuri nasema labda alikuwa amesikia jinsi ile methali ilivyotamkwa, akaona aibu ya mikono yake mbele za watu, akaamua kuacha siku hiyo hiyo. Yaweza kuwa kweli. Angechagua siku nyingine.

Mwenyekiti akakuna shingo chini ya kamba ya filimbi. "Basi hana mtu," alisema. "Itabidi kituo." Mgambo wake akaja akanishika mkono aniinue. Nikamkaba miguu, akaanguka, watu wakasogea tena na nikasikia zile pumzi za mchana zinarudi. Safari hii nilitaka waje.

Ndipo Mama Mafuta alipoinuka kwenye kigoda. Aliliweka koti chini ya mti wa mlangoni, akaichukua fimbo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia nilikuwa nimeuharibu. Alinipiga mgongoni, nikasikia mlio kabla ya maumivu. Akanipiga tena. Sitaki mtu adhani ilikuwa huruma iliyojificha. Ilikuwa hasira tupu ya mwanamke ambaye kitu pekee cha mumewe kimelowa maji ya zabibu na mkono wake hautakanda unga mwezi mzima. Alinipiga mabegani, matakoni, nyuma ya mapaja. Kila fimbo alisema neno moja: koti, la, mume, wangu, koti, la, mume, wangu. Nilibaki pale pale nilipolala. Mgambo akaniachia.

Alipochoka akaegemea fimbo, mtandio umemwanguka, machozi yanamtiririka.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Umeshamrudi. Yameisha."

"Nimemrudi nini? Mimi nimetoa hasira yangu."

"Mama, sheria unaijua. Siku tunapitisha ulinyoosha mkono, nilikuona. Umempiga asiye wa kwenu, sasa ni wa kwenu."

Mama Mafuta alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama fimbo. "Astaghafirullah," alisema polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengi, mpaka yule dereva mwenye damu yangu akacheka. "Mwenyekiti, mimi mjane. Huyu anauma."

"Basi mfundishe asiume."

Kicheko kilipokwisha Matroni alikuwa ameshaifikia barabara. Alipunga mkono, sijui kwangu au kwa gari.

"Inuka," Mama Mafuta aliniambia. "Unamwaga damu mlangoni kwa watu." Hakunipa mkono. Alichukua koti lake, akatangulia, na watu wakatupisha njia, wale wale walioniburuta, na mmoja wao akamwambia mama pole na huyo mtoto wako. Hakukanusha. Alisema tu, "Ndiyo hivyo," akaendelea kutembea.

Leo nina mtoto wa kike, ana miaka minne, mkaidi kama mimi. Sijamwinulia mkono. Fimbo siitetei, na anayeniambia ilinijenga namwonyesha kidole hiki ambacho hakinyooki. Lakini nimesema nitaeleza hesabu zilivyokuwa, basi nizimalize. Nilimfuata yule mama vumbini nikichechemea, meno yanavuja, mgongo unawaka moto kuanzia shingo mpaka magoti, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku nilipojifungua. Matroni nimemsamehe, na wenye mchi nimewasamehe. Furaha ile sijaisamehe.